Pole Katikati ya Barafu

Mdogo wangu wa kike alipoanguka, kaka yake aliacha kila kitu, akageuka, akamrudia, akamshika mkono na kumwambia pole. Muziki ulikuwa unaendelea bila wao. Majaji walikuwa wameketi kwenye meza yao ndefu, mablanketi magotini, na yule wa mwisho, mama mwenye miwani niliyeweza kumwona vizuri kutoka nilipokaa, aliinamisha kichwa akabonyeza kitu kwenye skrini iliyokuwa mbele yake. Nikajua papo hapo kwamba ile pole tutailipia.

Nikiwaeleza watu wa Tanga kwenye simu kwamba wadogo zangu wanacheza kwenye barafu, huniuliza barafu gani, ya friji? Basi naanza upya. Mwanamume na mwanamke wanateleza pamoja juu ya sakafu ya barafu, wamevaa viatu vyenye chuma chini. Mwanamume anamnyanyua mwanamke juu ya kichwa chake. Anamrusha, naye anazunguka hewani na kutua kwa mguu mmoja. Na kuna mahali wanaruka wote wawili sambamba, kila mtu kwa miguu yake, kama mtu na kivuli chake. Majaji wanatoa alama. Mpaka hapo huwa tunaelewana. Ni kwenye hizo alama ndipo mimi mwenyewe ninapopotea, na hadi leo sijampata mtu wa kunirudisha njiani.

Sikusoma sana. Wazazi wetu walipofariki nilikuwa kidato cha pili, mkubwa wa watatu. Siku ya arobaini ndugu walikaa kikao sebuleni kwetu. Ilikuwa imeshapangwa: kaka aende kwa baba mkubwa Korogwe, mdogo wa mwisho aende kwa shangazi Muheza, mimi nibaki kwa jamaa pale pale mjini niendelee na shule. Hawakuwa na nia mbaya. Kila mmoja alikuwa na watoto wake na alichukua mzigo aliouweza. Lakini niliwaambia, kwa heshima zote, kwamba hawa hawagawanywi kama sukari ya msibani. Nikaacha shule, nikaenda kushona kwa fundi mmoja barabara ya kumi na mbili, na tukabaki watatu chini ya paa moja. Baadaye mama mdogo, aliyekuwa muuguzi hapa Sydney, alituchukua wote kwa pamoja, maana nilikuwa nimemwandikia kwamba nusu haiji. Alipohamia Perth kikazi tulibaki wenyewe karibu na Ingleburn, kwenye nyumba ya kupanga, nami nikapata kazi kwenye kiwanda cha mikate.

Sheria za nyumba yangu zilikuwa chache. Moja ilikuwa pole. Baada ya msiba watu walikuja kutupa pole kwa makundi, halafu siku moja wakaacha kuja, kama ilivyo kawaida, nami nikaona nyumba imekuwa kimya mno kwa watoto wale. Nikasema humu ndani mtu akianguka, akijikata, akiungua, hata kama amekosea mwenyewe, kwanza atapewa pole, maswali baadaye. Na aliye karibu ndiye anayekwenda. Hapiti. Kaka alilishika hilo kuliko sala. Huku Australia, shuleni, alikuwa akikimbilia kila mtoto anayeanguka uwanjani, mpaka mwalimu mmoja akanipigia simu kuuliza kwa nini anawasukuma wenzake. Nilimweleza. Sidhani kama aliamini.

Kuteleza walianzia likizo moja ya shule, walipopelekwa uwanja wa barafu pamoja na watoto wengine. Yule mdogo alikuwa mwepesi kama unyoya na haogopi kitu. Kaka alikuwa na mgongo na subira. Mwalimu wao, mama mmoja aliyehamia kutoka Ulaya Mashariki na ambaye hajawahi kumsifu mtu mbele yangu, aliwaona, akaja kwenye viti vya wazazi akauliza ni nani mwenye watoto wale. Nikasema mimi. Akanitazama juu mpaka chini, maana nilikuwa na umri wa kuwa dada yao, na ndivyo nilivyokuwa. Tangu hapo nimekuwa naendesha gari alfajiri, nanywa chai ya chupa kwenye baridi ya jokofu, na nashona mavazi yao kwa vitambaa vya bei nafuu vya maduka ya Cabramatta.

Mwaka ninaousimulia kulikuwa na jozi mbili tu za vijana zilizokuwa na kiwango, yetu na nyingine, na chama cha mchezo kingepeleka jozi moja kwenye mashindano ya nje. Kaka alikuwa anamaliza umri wa kundi la vijana. Ilikuwa mwaka huo au basi. Kungekuwa na mashindano mawili ya kuwapima: hayo ya kwanza, ambamo kaka alisimama kutoa pole, na ya pili miezi michache baadaye.

Alama zilipotoka za mashindano ya kwanza, tulikuwa chini. Jirani yetu, mama wa Kikongo ambaye nilimwalika kwa sababu ana sauti nzuri ya kushangilia, alinigusa bega.

“Mama, wale wengine nao wameanguka, mimi nimeona,” alisema. “Ao kuanguka kwao ni dansi?”

Nilikuwa na swali hilo hilo. Msichana wa ile jozi nyingine alianguka kama wetu, kwenye kurushwa kule kule. Tofauti ni kwamba kijana wake hakugeuza hata shingo. Aliendelea na mikono yake hewani, mwenzake akainuka akitabasamu, akamkimbilia. Mwalimu wetu alinieleza, kwa mara ya kumi labda, jinsi mambo yanavyokwenda. Kuna watu wa meza moja wanaoamua ulichofanya, wakirudia picha kwenye skrini. Kuna wengine wanaosema umekifanya vizuri kiasi gani. Halafu hao hao wa pili wanatoa alama za onyesho zima: mpangilio, uwasilishaji, ustadi wa kuteleza. Kwa hiyo ukianguka, unakatwa kwa kuanguka. Kile kitendo chenyewe kinashushwa kwa sababu umeanguka. Kisha alama za onyesho zima zinashuka kwa sababu, naam, umeanguka. Nikamuuliza kosa moja mtu ananyongwa mara ngapi. Akasema ndivyo kanuni zilivyo. Nikamuuliza mbona wale hawakunyongwa mara ya tatu. Akanyanyua mabega. Alisema ile jozi ina jina, na alama za onyesho hufuata jina kama mbwa anavyomfuata mwenye nyama.

Na kulikuwa na ule mruko wa sambamba. Waliruka vizuri, hata mama wa Kikongo aliona. Meza ikasema mdogo wangu hakumaliza mzunguko. Kamera ilikuwa moja, pembeni, na yeye alikuwa upande wa mbali, nusu amefunikwa na kaka yake. Katika mchezo huu wawili wakiruka na mmoja akapungukiwa, jozi nzima inahesabiwa kwa yule aliyepungukiwa. Hilo nalikubali, ndivyo familia ilivyo. Lakini angalau hakikisha umemwona. Nilitaka kukata rufaa. Mwalimu alicheka, na kwa yeye kucheka ni jambo kubwa. Akaniambia rufaa inaruhusiwa kama wamekosea kujumlisha. Kama wamekosea kuona, hairuhusiwi.

Nilikaa na jambo hilo wiki nzima kiwandani, nikipanga mikate. Kosa la kompyuta linasahihishwa, na kompyuta haikosei. Kosa la jicho halisahihishwi, na jicho ndilo linalokosea.

Baada ya mashindano kuna desturi ambayo kwa kweli ni nzuri: jaji huzungumza na wachezaji, awaambie wapi waboreshe. Yule mama mwenye miwani alikuja kwetu. Alikuwa mpole, anaongea taratibu, na alinipa kiti kana kwamba mimi ndiye mgeni wake. Aliwaambia wana kipaji. Alisema tatizo kubwa lilikuwa pale kijana aliposimama. Onyesho lilikufa, alisema, na baada ya hapo hakuliona tena. Kaka akamweleza kwamba dada yake alikuwa ameanguka. Jaji akasema ameliona hilo, ndiyo maana anashangaa kwa nini alisimama. Walitazamana kama watu wawili walio kwenye kingo mbili za mto. Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba tatizo la pili ni kuwa wao ni ndugu. Kuna kitu fulani ambacho watazamaji hukitaka kati ya mwanamume na mwanamke, na wao hawawezi kukitoa.

“Tunakwenda huko kuteleza au kuposana?” mdogo wangu aliniuliza kwa Kiswahili, huku akimtabasamia jaji kwa adabu. Nikamkanyaga mguu.

Kwa la undugu hatukuwa na dawa. La pole lilikuwa na dawa, na mwalimu akaianza wiki ile ile. Alimwagiza kaka amrushe mdogo wake, na yeye mdogo aanguke makusudi, halafu kaka aendelee. Hakuweza. Miguu yake ilisimama yenyewe. Mwalimu alipiga kelele, akapiga makofi, akaimba muziki kwa mdomo ili ampitishe, na bado kijana yule alirudi kila mara na mkono umenyooshwa. Mwisho wake kaka mwenyewe ndiye aliyepata wazo: tuiache pole hata nyumbani, mpaka mashindano ya pili yaishe. Mwili uzoee.

Nilikubali, na nilikubali kwa sababu nilitaka waende huko nje. Jumamosi moja nikiwa natoa ugali nilipiga kidole cha mguu kwenye pembe ya kabati, hasa kile kidogo, mpaka nikaona nyota. Nikakaa chini. Wale wawili walikuwa mezani. Walitazamana. Mdogo alijiuma mdomo na kaka akaanza kupanga vijiko vilivyokuwa vimeshapangwa.

“Mnaniangalia tu?” niliuliza.

“Tuko mazoezini, dada,” kaka alisema, na macho yake yalikuwa kwenye vijiko.

Nilicheka, nao wakacheka, lakini chakula cha siku ile kilishuka kwa shida. Kwa wiki nyingi nyumba yangu ilikuwa kama nyumba ya watu waliogombana. Mdogo alijikata na kisu cha kitunguu, akakiosha kidole peke yake bombani na kurudi na plasta, wala hakuna aliyenyanyua kichwa. Nilikuwa nikijiambia ni kwa muda tu. Majaji wanasema hiki ndicho kinachowazuia, basi tukitoe.

Mashindano ya pili yakaja. Mdogo wangu alirushwa, akazunguka, akatua vibaya na kuanguka kwa nyonga, kishindo nikakisikia hadi kwenye viti. Kaka aliendelea. Nilimwona akipita, shingo imekaza, mikono hewani kama alivyofundishwa, uso hauna kitu. Mdogo akainuka, akamfuata, akamfikia, wakamaliza. Hapakuwa na kusimama hata kidogo. Mwalimu alitikisa kichwa mara moja kukubali, na nikaelewa kwamba hiyo ndiyo sifa.

Alama zikatoka. Nikazitazama kwenye ubao, nikachukua simu nikafungua picha ya zile za mara ya kwanza. Alama za onyesho zima zilikuwa zile zile. Kulikuwa na tofauti ndogo nyuma ya nukta, ya kwenda chini. Ile jozi nyingine ilishinda, nayo safari hii msichana wao alishika barafu kwa mkono mara mbili na alama zao za onyesho zikapanda.

Jaji mwenye miwani alikuja tena. Nilikaa kwenye kiti alichonipa nikisubiri kusikia kwamba sasa wameboresha. Alisema mambo ya kiufundi kwanza, na mengine yalikuwa ya kweli. Kisha akasema jambo moja lilimsumbua. Alisema alikosa mawasiliano kati yao.

“Alipoanguka,” akasema, akimgeukia kaka, “ulipita kana kwamba humjui. Nilihisi baridi.”

 Nilijua jinsi kaka alivyolelewa, hawezi kumjibu mtu mzima vibaya, nami ndiye niliyemlea. Kwa hiyo nikajibu mimi. Nilimuuliza mama yule, kwa Kiingereza changu cha kiwandani, anataka asimame au apite. Nilisema atuambie moja, tutalifanya. Alinitazama kwa huruma ya kweli, na akanieleza kwamba si suala la kusimama au kupita. Ni hisia ya jumla. Nikamuuliza hisia ya jumla inapimwa na nini. Akasema na uzoefu.

 Si mtu mwovu yule. Nadhani anaamini kabisa kwamba aliona onyesho likifa mara ya kwanza na akahisi baridi mara ya pili. Nadhani alama alikuwa nazo mfukoni tangu asubuhi, wala hajui kwamba alikuwa nazo, na sababu alizitafuta baadaye kwa uaminifu wote. Ningependelea angekuwa mwizi. Mwizi unamwitia watu.

Nafasi ya nje ikaenda kwa wale wengine. Na wiki mbili tatu baadaye mwalimu akaniita pembeni. Kulikuwa na kijana mrefu, alisema, ambaye mwenzake ameacha mchezo. Anatazamika vizuri. Majaji wanampenda. Mdogo wangu bado ana miaka yake kwenye kundi la vijana, na akiteleza na kijana yule mwaka ujao nafasi ni yake. Kaka anaweza kufundisha watoto. Yule mama mwenye miwani naye alikuwa ameliunga mkono wazo hilo.

Nilisimama pale na chupa yangu ya chai. Nilikuwa kwenye ile sebule ya Tanga tena, na wazee wanapanga nani aende Korogwe na nani aende Muheza, kwa nia njema kabisa. Lakini hawa hawakuwa tena watoto wa kusemewa. Usiku ule nilikosa usingizi, na asubuhi nikawaambia wote wawili nilichoambiwa, neno kwa neno, bila kuongeza chumvi. Kaka alisema dada yake aende kujaribu, asimwangalie yeye. Alisema hivyo akiwa amempa mgongo, anafunga kamba za viatu. Mdogo akasema sawa.

Siku ya majaribio nilimpeleka mimi. Uwanja ulikuwa upande wa pili wa jiji, na sikuingia ndani. Nilibaki garini, maana nilijijua. Ningeingia, uso wangu ungempigia kura. Alitoka na begi begani, akakaa, akafunga mkanda. Tulifika hadi karibu na Parramatta. Nikamuuliza kijana yukoje.

“Mzuri,” alisema. “Ana nguvu. Ananirusha mbali kuliko kaka.”

Nikasema hilo ni jema. Taa zilikuwa nyekundu. Akasema alianguka mara moja.

“Akafanya nini?”

“Alizunguka kidogo, akasimama mbali, akaniambia niinuke twende tena. Kwa adabu tu, dada. Hakuna baya alilofanya.” Alikuwa anatazama dirishani. “Ila mimi sikuinuka. Nilikaa pale kwenye barafu kama mjinga, mpaka akaniuliza kama nimevunjika. Sijavunjika. Nilikuwa nasubiri, na sikujua nasubiri nini.”

Taa zikageuka kijani, na gari la nyuma likatupigia honi. Nikaondoka.  Tulipofika nyumbani kaka alikuwa anamenya viazi, amewasha redio kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Mdogo aliweka begi chini, akamwambia mazoezi ya kesho ni saa kumi na moja, asichelewe kuamka kama kawaida yake. Kaka akasema yeye hajawahi kuchelewa. Wakabishana juu ya hilo mpaka viazi vikaiva.

Sasa wameingia kundi la watu wazima, ambako hakuna kikomo cha umri na ambako ile jozi nyingine imeshawatangulia, na jina lake na alama zake. Mwalimu wetu anasema nimekosea kuwaacha waamue, na huenda kwa hesabu zake ni kweli. Majaji ni wale wale. Kamera bado ni moja. Kwenye mashindano ya mwezi uliopita mdogo wangu alianguka tena kwenye kurushwa, na kaka akageuka, akamrudia, akampa mkono. Nilikuwa karibu na ukingo safari hii, nikasikia.

“Pole.”

“Nimeshapoa. Twende.”

Wakaenda. Muziki ulikuwa umewaacha, wakaukimbiza, wakaupata karibu na mwisho. Yule mama mwenye miwani aliinamisha kichwa akabonyeza skrini yake. Sikungoja kuangalia ubao. Nilikwenda kuwasha gari lipate joto.